Majivu Niliyonyunyiza Juu Tu

Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu, na naishi Maisaka, hapa hapa Babati mjini. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ya siku ni kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, na nikirudi natafuta kigoda. Shule nilifika kidato cha nne. Kemia nilipata F... na leo nakubali kwamba aliyesahihisha ule mtihani hakunionea!

Najitania, ndugu wasomaji, kwa sababu nisipojitania sitamaliza kuandika.

Mwaka jana baada ya mavuno, mama yangu mzazi alikuja kutoka Dareda na magunia mawili ya mahindi. Alilima mwenyewe, kwa mgongo wake uliokwisha kupinda. Alisema, "Mama Glory, haya ni ya wajukuu zangu. Mwaka huu wasile unga wa dukani." Akakaa kabisa, maana binti yangu Glory alikuwa anakaribia kupata kipaimara.

Magunia tuliyaweka stoo, kichumba kidogo kando ya jiko.

Wiki hiyo hiyo watu wa halmashauri walikuwa wanapita mitaani. Afisa afya wetu, kijana mpole sana, aliitisha mkutano pale ofisi ya mtaa. Akazungumzia dawa tunazojaza majumbani: za choo, za mende, za mahindi. Akasema tusinunue dawa isiyo na jina, na mahindi yenye dawa yasikae ndani wanakolala watu. Akatuonyesha kusafisha sinki kwa ndimu na magadi. Kwa nafaka, akasema, kausheni vizuri, kisha changanyeni na majivu yaliyochekechwa na majani makavu ya mwarobaini.

Mimi na mdomo wangu! Nikamwuliza mbele za watu, "Sasa afisa, ugali tutakula wa rangi gani?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Naye akajibu, "Mama, kwani kwako mahindi yanaenda mashine bila kuoshwa?" Kicheko kikanigeukia. Ndipo nikampachika jina la Bwana Majivu, na mtaa mzima ukalidaka.

Mama yangu hakucheka. Njiani aliniambia, "Huyu kijana anasema tuliyokuwa tunafanya tangu sijaolewa. Nyie mmesoma, mmesahau."

Basi siku mbili akawa ameinama uani anachekecha majivu ya jiko, yakawa laini kama poda ya mtoto. Akajaza ndoo nzima. Akaniambia, "Mimi mgongo umekataa. Wewe mwaga magunia, uchanganye vizuri mpaka chini."

Kumwaga magunia mawili, kuchanganya, kujaza tena... mimi mvivu huyu? Halafu mwaka uliotangulia dumuzi walikuwa wametumalizia mahindi yote, nikawa siamini kitu cha bure. Nikaenda sokoni. Nikauziwa vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Hakuna jina, hakuna maelezo. Yule muuzaji alisema tu, "Weka, funga, sahau."

Nikaweka. Nikafunga. Lo, na kusahau nikasahau!

Lakini kabla sijafunga, nilichota majivu ya mama konzi mbili, nikanyunyiza juu tu, ili akichungulia aone. Aliporudi kanisani akauliza, "Umechanganya mpaka chini?"

Nikamjibu, "Mpaka chini, mama."

Akanibariki. Ndiyo, alinibariki kwa uongo ule! Na mimi nikaenda jikoni nikimcheka kimoyomoyo, nikijiona mjanja.

Siku iliyofuata wageni wakaja kwa ajili ya kipaimara. Mawifi zangu kutoka Katesh, watoto wao, nyumba ikajaa mpaka sebuleni. Jioni tukawa tunagawana vitanda. Mama akasimama, akasema, "Mimi mnitandikie godoro stoo. Nitalala na mahindi yangu, hayakoromi kama nyie."

Wote wakacheka.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache tu: "Mama, usilale humo, nimeweka dawa." Lakini mawifi walikuwa wamekaa pale, nao walishasikia mama akinisifia kwa kazi ya majivu. Ningeonekana mwongo na mvivu mbele yao! Nikasema, "Mama, stoo kuna baridi." Akanijibu, "Dareda kuna baridi, hapa kuna nini?"

Nilifungua dirisha la stoo, nikamletea mablanketi mawili, nikajiona nimetimiza wajibu. Alipoingia alisema, "Mbona humu kunanuka kama kitunguu swaumu?"

Nikamwambia, "Ni pilau ya kesho, mama."

Mbona ulimi haukukauka?

Asubuhi nilikuta dirisha limefungwa. Mama amejikunja kwenye godoro, ametapika, anashika kifua. Mawifi wakasema labda ni nyama ya jana usiku. Mume wangu akaita bajaji, tukamkimbiza hospitali. Glory akaenda kupokea kipaimara bila mimi wala bibi yake.

Daktari akauliza amelala wapi, na kama kulikuwa na dawa yoyote karibu. Kabla sijafumbua mdomo, mama akajikaza akajibu, "Hakuna dawa, daktari. Ni mahindi tu. Mwanangu aliyawekea majivu."

Alinitetea...! Katika hali ile, alikuwa ananitetea!

Nililia kwa sauti. Nikasema yote palepale: vidonge, karatasi ya daftari, majivu ya juu tu. Daktari aliinamisha uso. Akaniambia vidonge vile hutoa hewa yenye sumu, na sumu ya namna ile haina dawa ya kuiondoa mwilini, watajaribu kuusaidia moyo wake.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Nilitegemea anilaani, na nilitamani anilaani. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Ungeniambia, Mama Glory... ningelala sebuleni."

Hakusema tena. Mchana kengele za kanisa zilipogonga, watoto wakitoka na vyeti vyao, mama yangu alikuwa ameshaondoka.

Tulimzika Dareda, pembeni ya shamba alilovunia yale mahindi. Kaka yangu hajaongea nami mpaka leo, na simlaumu. Bwana Majivu... samahani, afisa yule, alikuja msibani. Nilisubiri aseme, "Nilikwambia." Hakusema. Alinipa mkono, akakaa na wanaume. Baadaye alirudi na wenzake wakayachukua yale magunia, wakaniagiza stoo ikae wazi.

Ndoo ya majivu bado ninayo. Imejaa karibu yote, imepungua konzi mbili tu. Siku hizi afisa akiitisha mkutano, mimi mtu wa ndani natoka, naibeba ndoo ile mpaka Nakwa, mpaka Singe, nasimama mbele za watu. Wapo wanaocheka, na wapo wanaouliza ugali utakuwa wa rangi gani. Nawaachia wacheke kwanza. Kisha nawaeleza ndoo ni ya nani.

Nawaomba, wenzangu. Usiingize nyumbani dawa usiyoijua jina. Usimlaze mtu kwenye mahindi yenye dawa, hata dirisha liwe wazi. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba yako uliyemwambia ni majivu na si majivu, weka chini unachosoma, nenda kamwambie. Aibu yake utaibeba siku moja. Hii yangu naamka nayo kila asubuhi, na stoo iko wazi, na hakuna anayelala humo.