Alama ya Mkaa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa pinde. Upinde hukatwa kwa kimo cha mwenye nao, basi alimsimamisha bintiye kando ya ufito mbichi wa kichaka cha miiba, akatia alama ya mkaa usawa wa utosi.

"Baba, upinde wangu utakuwa tayari lini?"

"Acha ukauke, mama. Tutakupima tena, maana utakuwa umerefuka."

Ulikuwa haujakauka bado. Homa ya siku tatu ikamchukua mtoto.

Mwaka ulipopita, akajikaza kisabuni, akaingia stoo kuutoa ule ufito akauchome. Gizani, akipapasa, akasikia kitu kikikwaruza mti taratibu. Akaita jina la mwanawe.

Akautoa juani. Alama aliyoitia mwenyewe ilikuwepo. Upana wa vidole viwili juu yake palikuwa na nyingine, unga wa mkaa ungali unapukutika.