Jiwe la Mzunguko wa Mwisho

Tshibola alikuwa ameinama kwenye uwanja wa Dilala akimwaga chokaa juu ya mstari wa tatu, kitenge chake cha manjano kimefungwa juu ya magoti, viatu vya Séraphin viliposimama mbele ya kopo lake.

"Unafurahi sasa? Dimitri wako alishinda."

"Si wangu. Ni mutoto wa mama mukubwa."

"Njo vile. Damu iliita."

Jana, katika mbio za mizunguko ishirini na tano, kila mkimbiaji alikuwa na mtu wa kumhesabia. Séraphin alimchagua mchumba wake. Kila alipopita, Tshibola alihamisha jiwe dogo la kijani kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Lilipobaki moja, akapiga kengele ya mzunguko wa mwisho. Séraphin akamaliza nguvu zote, akavuka mstari, akaanguka mikono juu. Waamuzi wakasema: bado mzunguko mmoja. Kabla hajainuka, Dimitri akampita, na nafasi ya kwenda kukimbia Lubumbashi ikapita naye. Tangu hapo Séraphin hakushika simu.

"Juu ya nini ulipiga kengele mbele ya saa?"

"Unauliza, ao unakuja kunihukumu?"

"Minauliza."

"Muzunguko wa kumi na tano ulinirushia busu, mbele ya bantu bote. Nikacheka. Mukono ikahamisha mawe mbili."

"Uongo."

"Uliza tata Mulumba, mukubwa wa baamuzi. Leo asubuhi nilibaambia yote. Balicheka mpaka machozi, balininyanganya kengele. Kisha balisema mbio itarudiliwa kesho." Akanyoosha mgongo. "Unawaza minachora mistari hii juu ya nani? Nilikuita mara tisa, Séra."

Séraphin alitazama viatu vyake, vyeupe kwa chokaa.

"Bote banajua ni busu? Hata mama yangu?"

"Hata pasta."

Hakucheka. Alichukua kopo, akaanza kumwaga.

"Unapindisha, chéri."

"Nyamaza, mwanamuke."

Chokaa ilikwisha kwenye kona ya pili, jua likiwa limeshuka nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi. Tshibola akatoa mawe yote, akamwekea mkononi.

"Tafuta mwingine wa kukuhesabia."

Séraphin aliyahesabu polepole, mara mbili. Akayarudisha kwenye mfuko wa kushoto wa Tshibola, moja moja, ila la mwisho. Hilo akalifumba kiganjani.

"Hii ya muzunguko wa mwisho nitabeba mi mwenyewe," alisema. "Kesho kuja mapema na chokaa. Mistari ingine tano ingali inabaki."