Chai na Vidonge vya Chuma

Foleni ya duka la dawa ilifika barabarani. Binti fundi wa kuchomelea vyuma alisimama na ovaroli la bluu lililotobolewa na cheche, kilemba chekundu kichwani. Mwanaume wa nyuma yake, shati jeupe limenyooshwa utadhani anakwenda kuposa, alichungulia cheti chake bila haya.

"Fundi wa vyuma ananunua vidonge vya chuma?"

"Na wewe umefuata nini hapa, umbea?"

Wakacheka, wakatoka pamoja. Binti alimweleza kwamba amepata kazi ya kuunda meli ng'ambo, ila daktari wa kampuni hampitishi mpaka damu ipande. Mwanaume akasema yeye ni mtu wa maabara, anachunguza chai na vitunguu. Binti alidhani anataniwa.

Mapenzi yakashika moto. Kila asubuhi mwanaume alipita karakana ya binti na chupa ya chai ya rangi, nzito, aliyoipika kwa mkono wake, na mpenzi wake akashushia vidonge kwa chai hiyo huku mafundi wakiwatania. Mchana ilikuwa zamu ya simu.

"Umekunywa chai yangu, malkia?"

"Nimeimaliza. Umenidekeza vibaya wewe."

Damu haikupanda. Binti akapima tena, ikagoma tena, na kampuni ikampa muda wa mwisho. Alilia kifuani kwa mpenzi wake, naye akambembeleza kwamba huenda safari haikuwa riziki yake.

Siku moja alimpelekea chakula cha mchana maabara bila taarifa. Alimkuta mfanyakazi mwenzake mwanaume huyo, dada mchangamfu mwenye miwani, ambaye alimkaribisha kwa kumwonyesha wanachofanya. Dada huyo alidondosha maji yenye madini ya chuma kwenye glasi ya chai, ikageuka nyeusi tii. Akaeleza kuwa majani ya chai yana viini viitwavyo flavonoidi, vinavyoyakumbatia madini ya chuma tumboni mpaka mwili unashindwa kuyachukua. Hata viini vinavyopenya kuingia kwenye damu, mwili ukishavikatakata, baadhi ya vipande bado hushika madini.

"Kwa hiyo vidonge vya damu na chai?"

"Haviendi pamoja kabisa, wifi. Mtu wako ndiye aliyetufundisha."

Binti alivuta kiti, akakaa. Mwanaume aliingia akitabasamu, akaiona ile glasi, tabasamu likamtoka.

"Ulisahau?" binti aliuliza, na moyo wake wote ulimwomba aseme ndiyo.

"Mwanzoni nilipitiwa, kweli. Nilikumbuka ulipofeli kipimo cha kwanza. Lakini nikaona kwa kufeli hivyo bado upo nami, nikanyamaza."

Hakumpigia kelele. Alikaza kilemba chake na kuondoka, na tangu hapo hakupokea simu zake. Vidonge alimeza kwa maji, muda wa kampuni haujaisha damu ikapanda, akapewa tiketi.

Alipokea simu ya mwanaume huyo mara moja tu, uwanja wa ndege, gauni jipya mwilini na macho yamemvimba.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi usiende, mpenzi. Nitakuja kwenu, nitamwona mama, tuoane."

Binti alifuta machozi kwa kiganja.

"Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri kila asubuhi," alisema. "Ungeniambia nibaki, ningebaki. Ila wewe hukuniomba, ulinizuia."

Akakata simu, akaingia kwenye mstari wa abiria huku analia, na hakujali nani anamtazama.