Wekundu wa Siku Nane

Mbuke, mama lishe wa Rwamgasa, alikutwa alfajiri amelala kifudifudi nyuma ya nyumba yake, kando ya beseni lililopinduka. Kisogoni alikuwa na jeraha la panga. Povu la sabuni lilikuwa bado halijamkauka shingoni.

"Alikuwa ananawa uso," alisema Inspekta Safiya Nuruddin, akichuchumaa. "Hakumwona aliyemjia."

"Simu ipo, mkoba upo," alisema Koplo Athanas. "Si wizi, afande."

Juu ya tofali palikuwa na kichupa chembamba mfano wa cha wanja, brashi yake pembeni. Safiya akakitia kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akayafunua macho ya marehemu kwa kidole chenye glovu. Yalikuwa mekundu kama pilipili, na kingo za kope zimevimba.

Alikuwa amefanya kazi Shinyanga miaka tisa kabla ya kuhamishiwa Geita. Alijua macho ya namna ile yamewapeleka kaburini wanawake wangapi walioitwa wachawi.

Binti wa marehemu, Ritha, alifika saa nne kutoka Kalangalala, alikokuwa akifanya kazi saluni. Safiya akamkalisha, akampa pole, akamwonyesha kichupa.

"Unakijua?"

"Ni dawa ya kukuza kope. Nilimletea mimi, siku tisa zilizopita." "Kope zilimdondoka alipougua taifodi. Hakutaka kupigwa picha hivyo kwenye send-off yangu, kabla ya harusi."

"Siku hiyo macho yake yalikuwaje?"

"Meupe kabisa. Kesho yake ndiyo akasema yameanza kuwasha na kuwa mekundu."

"Ulimwelekeza namna ya kuitumia?"

"Nilimwelekeza mayu, mama yangu, vizuri, afande. Anawe uso, asuuze sabuni yote, ajifute mpaka pakauke. Apake usiku tu, mstari mmoja mwembamba, kope za juu. Macho yakiwa mekundu aache, aende kwa daktari. Juzi akanipigia, anasema zinachelewa kuota, kwa hiyo anapaka kila akinawa, juu na chini. Nikamwambia aache. Akacheka. 'Siku yako imekaribia, mwanangu.'"

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Amosi, mchimbaji. Wiki tano zilizopita alikuwa amemzika mwanawe wa miaka mitatu. Mkewe, Noela, alikuwa amerudi kwao. Mchana Amosi akaonekana msibani. Safiya akamwita kituoni.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Machimboni, Nyarugusu. Nina mwezi mzima huko. Nimerudi leo niliposikia msiba."

"Mara ya mwisho kumwona Mama Ritha?"

"Kwenye mazishi ya mwanangu."

"Tangu hapo?"

"Sijamwona."

"Alikuwa jirani wa namna gani?"

Amosi akaguna. "Jirani gani mwenye macho mekundu vile?"

Safiya akaweka kalamu chini.

"Mlipomzika mwanao macho yake yalikuwa meupe, Amosi. Yamekuwa mekundu siku nane tu. Umeyaona wapi?"

"Nimesikia."

"Kwa nani? Taja jina moja."

Mlango ukafunguliwa, Athanas akaingia na panga ndani ya nailoni. Lilikuwa limeopolewa kwenye shimo la choo cha Amosi.

Amosi akalitazama.

"Nilikwenda kwa mganga," akasema. "Akaniambia aliyemla mwanangu ni mwanamke wa karibu, mwenye macho mekundu. Juzi jioni nikarudi kimyakimya. Nikamwona anateka maji. Nikasema, kumbe ni huyu."

"Zahanati walisema mtoto kafa kwa ugonjwa gani?"

"Malaria. Alicheleweshwa."

"Na nani?"

Amosi akainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa duarani, ndani ya shimo la mgodi, siku mbili. Noela anapiga simu, sipokei. Tulikuwa tumekaribia mwamba wa dhahabu."

"Nani aliyempeleka zahanati?"

"Mama Ritha. Alimbeba mgongoni."

Safiya akasukuma kichupa katikati ya meza. "Hii ni dawa ya kope. Alizidisha, ikamuunguza macho."

"Kwa hiyo hakuwa mchawi?"

"Hata yangekuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka thelathini, asingekuwa mchawi. Nawe ulijua. Ulijua nani alimbeba mwanao."

"Ilikuwa afadhali awe yeye," Amosi akasema. "Kama si yeye, basi ni mimi."

Safiya akaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, Amosi akatia dole gumba. Athanas akatumwa kumkamata mganga.

Nje ya kituo, Ritha alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Ni ile dawa, afande? Nisingemletea..."

"Ni Amosi, mwanangu. Amosi na panga lake."

Ritha akatikisa kichwa kama mtu ambaye hajasikia. Safiya akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka gari la maiti likapita kumchukua.