Tumbo la Mkimbiaji

Hakuna mwanamke Kisii nzima anayeyajua mapenzi kunishinda mimi. Mume wangu wa kwanza alitoroka na cherehani yangu, lakini hayo tuyaache.

Mwaka wa hamsini na nne, siku ya soko, Nyanchera alikuwa akiuza viazi vitamu vya kuchemsha, amevaa gauni la maua mekundu lililombana kiuno. Akatokea Mogire, tarishi wa ofisini, miguu mirefu kama korongo, kaptula nyeupe imepigwa pasi ikaiva. Akala viazi sita wima wima.

"Wewe, kwenu hawapiki?"

"Nakimbia maili sita, dada. Nilishe wewe."

Akamlisha. Miezi minne, kila jioni na kila alfajiri kabla ya mazoezi, alimpelekea ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Wimbi alilisaga mwenyewe kwa jiwe mpaka viganja vikachubuka. Mogire naye akaahidi: mashindano ya wilaya yakiisha tu, wazee wake watakwenda kwa baba yake Nyanchera kuzungumza ng'ombe wa mahari.

Asubuhi ya mashindano Nyanchera akapita mbele ya hoteli ya Hawo. Mogire huyo ndani, mkono mmoja chai ya rangi, mwingine mkate mkavu. Ugali wa alfajiri ile na kibuyu cha maziwa viko mezani, havijaguswa.

"Kumbe!"

"Nyanchera wangu, ni leo tu…"

"Leo gani?" Hawo akacheka, mdomo wake haukuwa na mlango. "Huyu mteja wangu wa kila asubuhi, binti. Wimbi lako anakula mlinzi wangu. Mwone pale mlangoni alivyonenepa, hata vifungo vya shati havifiki."

Nyanchera akamgeukia Mogire. "Nasaga nilishe mlinzi?"

"La jioni nakula lote, haki! La asubuhi linakaa tumboni kama jiwe. Maili ya pili linanivuta chini. Nilishindwa kukwambia."

"Mdomo wa kula unao, wa kusema huna!" Akammiminia maziwa ya mgando kaptulani, yote. "Wazee wako wabaki huko huko Nyaramba. Na uwanjani sikanyagi!"

Jioni Mogire akabisha mlangoni kwa Nyanchera, kaptula imekauka na madoa.

"Toka hapa!"

"Nimekosa. Nilikuogopa kuliko hizo maili sita. Ukinikubali, wazee wanakuja Jumatatu."

"Kukubali nini? Mimi nimeshinda mtoni nikifua. Hata kama ulikimbia sijui."

"Nilikuwa wa kwanza."

"Muongo! Wa pili! Yule wa Nyansiongo alikupita kwenye kona ya mwisho, wewe umegeuza shingo kama kuku! Nani alikwambia utazame watu?"

Mogire akakaa kizingitini, akanyoosha miguu yake mirefu.

"Huko mtoni," akauliza, "ulikaa upande gani wa uwanja?"