Juisi ya Ijumaa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia shangazi yake kutengeneza juisi ya mapera. Yeye aliosha matunda. Shangazi aliyasaga, akachuja, akajaza chupa za kuuza langoni mwa shule. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jumatatu moja, wanafunzi kumi na mmoja hawakufika. Walikuwa wakiharisha na kutapika tangu Jumamosi. Mmoja wao, msichana aliyekaa na Chiriku dawati moja, alikuwa amelazwa hospitali. Kufikia mapumziko, maneno yalikuwa yamezagaa kwamba juisi ya shangazi ndiyo iliyowadhuru. Chiriku alipokaribia, wenzake waliinuka mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Alikula mkate wake peke yake nyuma ya darasa, hana hata wa kumwambia kwamba jua ni kali.

Kesho yake bibi afya alikuja na daftari. Aliwauliza wagonjwa na wazima walichokula na kunywa wiki nzima. Wagonjwa wote walikuwa wamekunywa juisi ya Ijumaa. Jioni akamfuata shangazi jikoni kwake.

"Ijumaa kulibadilika nini, dada?"

"Hakuna. Mapera ni yale yale."

Chiriku alisimama mlangoni. Akinyamaza, nani atajua? Lakini rafiki yake aliyelazwa hakumtoka akilini.

"Shangazi, nisamehe. Siku ile nilichelewa kuamka. Yale tuliyookota chini, pale wanapolala mbuzi, sikuyaosha."

Shangazi alikaa kwenye kigoda. Bibi afya alichukua chupa ya Ijumaa iliyobaki akaipeleka kupimwa. Ikakutwa na vijidudu vya kinyesi cha mifugo.

"Mzigo huu si wa mtoto peke yake," bibi afya alirudi kumwambia shangazi. "Tunda lililoangukia kinyesi ni la kutupa, hata ukiliosha. Na juisi ya kuuza ichemshwe kwanza. Nawe binti, umefanya vyema kusema. Ungeficha, wengine wangeendelea kuugua."

Shangazi aliacha kuuza mpaka aliponunua sufuria kubwa ya kuchemshia. Shuleni, kwa siku nane, Chiriku alikaa na nafasi tupu ubavuni.

Siku ya tisa rafiki yake akarudi, amekonda, sare inampwaya.

"Ni mimi sikuosha mapera," Chiriku alisema kabla hajaulizwa. "Nisamehe."

Yule msichana aliweka mkoba wake juu ya dawati.

"Sogea basi," akasema, "nikae."