Hii Vumbi, Nani Anakulaka?

Asubuhi huku mutaa wetu wa Kasulo tunafagia, tunasali, tunapika bukari, ugali wetu. Mwaka huu kamiyo, malori ya kubeba mawe ya mugodi, zilianza kupita mbele ya milango yetu. Vumbi liliingia hata ndani ya sufuria. Mujukuu wangu Mamie alikohoa mpaka akakosa pumzi.

Tulienda kwa musimamizi wa kamiyo, tumuombe amwagie barabara maji. Hakutufungulia mulango.

Binti yangu Mignonne, mama ya Mamie, akatunga wimbo. Akatuimbia uani:

"Musimamizi ni nguruwe, na mama yake ni nguruwe!"

Wanawake walicheka mpaka machozi. Jirani yetu Mama Bilonda hakucheka. Tata, baba yake, alifanya kazi ya reli kule Mutshatsha zamani za ukoloni.

"Mwanangu, sauti iko muzuri," alisema. "Lakini hiyo wimbo utaimalizia mu kasho, na polisi mulangoni."

"Basi tunyamaze, mama? Mutoto afe?"

"Nani amesema kunyamaza? Batata betu hawakunyamaza. Walipewa unga wenye wadudu. Muzungu, mukubwa wa kazi, alikataza malalamiko, lakini hakukataza nyimbo za kazi. Basi wakinyanyua vyuma vya reli, mumoja anauliza: 'Hii wadudu, nani anakulaka?' Wote wanaitika: 'Njo siye!', ni sisi wote. Hakuna tusi. Ni kweli tupu. Muzungu akiuliza nani ametunga, wanaitika vilevile: 'Njo siye!' Akifunga wote, nani atanyanyua reli?"

"Na unga?"

"Ulibadilishwa. Si siku moja, lakini ulibadilishwa."

Mignonne akainama. "Kumbe mi nilitukana mutu, nikasahau vumbi."

Akatunga upya. Tukasimama mbele ya mulango wa musimamizi, wanawake wa njia nzima. Mignonne akauliza:

"Hii vumbi, nani anakulaka?"

"Njo siye!"

"Usiku mutoto wa nani anakohoaka?"

"Wa siye!"

Mupolisi akaja mbio. "Mukubwa wa hii fujo ni nani?"

"Njo siye!"

Akajizuia kucheka, akashindwa. "Bamama, hata mi nakaa Kasulo. Hata mi nakula."

Tulirudi kila asubuhi. Mwishowe musimamizi akatoka. Alitafuta tusi la kumukamata mutu, hakulipata. Akasimama, akasikiliza.

Sasa kamiyo ya maji inatangulia kulowesha barabara, za mawe zinafuata. Mamie analala dirisha wazi.

Namushukuru Mungu. Namushukuru Mama Bilonda. Nawashukuru na wale wanaume wa reli. Majina yao siyajui, maana hakuna aliyesema wimbo ni wake.